Deni la kodi likifika kolekshen: ipasue bili kwanza

Nairobi au Dar, mpangaji akishindwa kodi na kuhama usiku na godoro lake, mara nyingi mambo huishia hapo. Mwenye nyumba atalaani, atabadilisha kitasa, atatafuta mpangaji mwingine. Marekani ndiyo kwanza yanaanza. Huku mwenye nyumba haruhusiwi kukupigia kufuli wala kukutolea vyombo nje bila amri ya mahakama, karibu kila jimbo linakataza. Lakini miezi mitatu minne baada ya kurudisha funguo, deni litakufuata hadi anwani mpya, likiwa mikononi mwa kampuni usiyoijua, na litakuwa limenenepa njiani.

Wenzetu wa Columbus, Louisville, Dallas na Minneapolis husema "limeenda kolekshen". Maana yake ni moja kati ya mawili. Ama ofisi ya apatimenti imeikodi kampuni ya kukusanya madeni, ambayo itabaki na asilimia fulani ya kitakachopatikana, na deni bado ni la mwenye nyumba. Ama deni limeuzwa kwa bei ya kutupa, na sasa anayekudai ni mnunuzi. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha nani ana karatasi na nani ana mamlaka ya kupunguza. Kampuni iliyokodiwa inaweza kuomba karatasi ofisini siku hiyohiyo. Mnunuzi mara nyingi ana mstari mmoja tu kwenye kompyuta: jina, anwani ya zamani, jumla. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hata ya kuuliza ni kiasi gani, ni hili: leo deni hili ni la nani?

Watu wengi hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza anashikwa na hofu, anatoa namba ya kadi ya benki kwenye simu na kulipa jumla yote pamoja na vitu ambavyo hakudaiwa kamwe. Wa pili anazima simu, anatupa bahasha bila kuifungua, na miezi sita baadaye mshahara unaingia ukiwa umekatwa. Huyu wa pili ndiye anayeumia zaidi, ila wa kwanza ndiye asiyejua kwamba ameumia.

Sheria inayokulinda ni ya serikali kuu, ya mwaka 1977, na hujulikana kwa herufi FDCPA. Kanuni zake mpya, zinazoitwa Regulation F, zilianza kutumika tarehe 30 Novemba 2021. Angalia inamgusa nani: kampuni inayokusanya deni la mtu mwingine, pamoja na mawakili wanaofanya kazi hiyo mara kwa mara. Kwa kawaida haimgusi mwenye nyumba mwenyewe wala meneja wake anayekupigia akitumia jina la apatimenti. Majimbo mengine, Texas ikiwemo, yana sheria zao zinazowagusa hata hao. Pasipo na sheria ya namna hiyo, meneja anaweza kufanya mambo ambayo kampuni ya kolekshen ingeshtakiwa kwayo.

Sasa bahasha. Kampuni ikishawasiliana nawe mara ya kwanza, ina siku 5 za kukupa taarifa ya maandishi, kama haikukupa papo hapo. Taarifa hiyo inatakiwa ionyeshe jina na anwani ya kampuni, jina la anayekudai sasa, kiasi cha deni katika tarehe fulani ya kuanzia, kisha riba na ada zilizoongezwa tangu tarehe hiyo, malipo yaliyopunguzwa, na jumla ya leo. Chini kuna kipande cha kukata chenye visanduku: hili si deni langu, kiasi si sahihi, au sababu nyingine. Na mahali fulani katikati ya karatasi kuna tarehe. Hiyo tarehe ndiyo ya kuzungushia kalamu nyekundu, kwa sababu ni mwisho wa siku zako 30 za kupinga. Zinahesabiwa tangu ulipopokea barua, na kampuni inaruhusiwa kuchukulia kwamba uliipokea siku 5 za kazi baada ya kutumwa. Kama umehama na barua imeenda anwani ya zamani, siku zinaweza kuyeyuka bila wewe kujua. Fomu ya posta ya kubadilisha anwani ijazwe kabla ya kubeba kochi, si baada.

Kupinga kwa simu hakutoshi. Sheria inaibana kampuni isimamishe udai mpaka ikuthibitishie pale tu unapopinga kwa maandishi ndani ya muda huo. Ukimwambia mtu wa kwenye simu "mimi sikubali", ataandika kitu kwenye kompyuta yake na kesho atapiga mwingine. Kipande kile cha kukata kinatosha kisheria, lakini barua ni bora kwa sababu inabeba maswali. Iandikwe kwa Kiingereza, hata cha kawaida, na isizidi ukurasa mmoja. Taja namba ya akaunti iliyo kwenye taarifa yao. Sema unapinga deni hili, lote au sehemu. Kisha omba vitu kwa majina yake: mkataba wa kupanga wenye saini yako, leja ya apatimenti (orodha ya ulichotozwa na ulicholipa) tangu ulipoingia hadi ulipotoka, mwezi kwa mwezi, ripoti ya ukaguzi wa kuingia na ya kutoka, risiti za matengenezo wanayodai, maelezo ya dipoziti ilivyotumika (Wakongo wanaiita garanti), na tarehe mpangaji mwingine alipoanza kulipa nyumba ileile.

Usiandike "najua nadaiwa lakini kwa sasa sina". Kwa deni la zamani, katika majimbo mengine, sentensi hiyo yenye saini inaweza kulifufua. Usisimulie ugonjwa, kazi iliyokatika, wala watoto. Mambo hayo yana mahali pake wakati wa kupatana, na hapo hatujafika.

Peleka barua kwa Certified Mail pamoja na Return Receipt, ile huduma ya posta yenye namba ya kufuatilia na kadi ya kijani inayorudi na saini ya mpokeaji. Piga picha barua kabla ya kuifunga. Nakala ya pili itume ofisi ya apatimenti, kwa sababu hapa ndipo watu hukwama: uthibitisho ambao kampuni inalazimika kuutoa ni mdogo kuliko tunavyodhani. Mahakama nyingi zimekubali kwamba inatosha kampuni kumuuliza mdai na kukujibu "ndiyo, ni kiasi hiki". Kwa hiyo usikae ukisubiri kwamba wakikosa mkataba deni litafutika lenyewe. Barua yako kazi yake kubwa ni kusimamisha udai na kuitoa leja hadharani, na kazi halisi inaanza leja ikifika.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba viwili, kodi dola 1,250 kwa mwezi, dipoziti ya dola 500. Familia ilikaa miaka mitatu, ikashindwa kodi ya Machi, ikarudisha funguo tarehe 31 Machi huku mkataba ukiwa na miezi mitano mbele. Bili inayokuja inasomeka hivi:

Kodi ya Machi: 1,250
Kodi ya Aprili: 1,250
Faini ya kuchelewa, miezi miwili: 200
Ada ya kupangisha upya: 1,062.50
Zulia jipya: 900
Rangi: 350
Usafi: 225
Maji na taka: 118
Ada ya kukusanya deni, asilimia 20: 1,071.10
Jumla: 6,426.60

Anza na kisichokuwepo. Dipoziti iko wapi? Dola 500 hazikupunguzwa popote, na hilo ni kosa la kawaida, kwa sababu mtu wa ofisini alitoa leja kwenye kompyuta bila kufunga hesabu ya dipoziti. Kila jimbo lina muda wake wa kukurudishia au kukupa mchanganuo wa makato: New York siku 14, California siku 21, Minnesota wiki 3, Texas na Ohio siku 30. Texas na Ohio zinataka uwe umetoa anwani yako mpya kwa maandishi. Ukitoa kwa mdomo tu unaweza kujinyima baadhi ya haki zako kwa mikono yako. Ohio inakuruhusu kudai mara mbili ya kiasi kilichozuiwa kimakosa, pamoja na gharama ya wakili. Mtu anayejua hilo haongei na kampuni ya kolekshen kama mshtakiwa.

Kodi ya Machi inadaiwa, hapo hakuna mjadala. Ya Aprili ina mjadala. Katika majimbo mengi, Texas ikiwemo, mwenye nyumba ana wajibu wa kutafuta mpangaji mwingine kwa juhudi za kawaida, haruhusiwi kuiacha nyumba tupu na kukuhesabia wewe. Tangu siku mpangaji mpya alipoanza kulipa, yako imekoma. Kama mpya aliingia tarehe 16 Aprili, unadaiwa siku 15, yaani dola 625. Utajuaje? Muulize jirani wa zamani. Au tafuta tangazo la nyumba ileile kwenye intaneti na upige picha ya skrini yenye tarehe. Faini ya kuchelewa ya Aprili nayo haina miguu, maana funguo zilikuwa zimesharudi. Baki na dola 100.

Ada ya kupangisha upya imekaa pazuri zaidi kwa upande wao. Texas hukutana nayo sana, na mikataba mingi huko huiweka asilimia 85 ya kodi ya mwezi, ndiyo maana mfano wetu una 1,062.50. Ada hiyo ni ya usumbufu na matangazo, haikufutii kodi iliyobaki. Usiichanganye na ada ya kununua mkataba, ambayo ukiilipa kodi ya mbele inakufa. Soma kifungu chenyewe. Ukiona kwenye bili wametoza ada ya kununua mkataba na kodi ya miezi inayofuata kwa pamoja, wamekutoza mara mbili.

Zulia ndipo pesa inapopotea bila mtu kushtuka. Mpangaji anaona kweli lilikuwa na doa la mawese, anainamisha kichwa, anakubali dola 900. Lakini zulia lina umri. Kwa hesabu za kodi ya mapato, mwenye nyumba analihesabu zulia la nyumba ya kupangisha kuwa linachakaa ndani ya miaka 5. Kama lilitandikwa miaka minne iliyopita, kilichobaki ndani yake ni moja ya tano: dola 180. Hesabu hiyo ya kodi si sheria ya dipoziti, lakini mahakimu wa madai madogo huielewa haraka, na maofisa wa kolekshen wanaielewa zaidi kwa sababu wameshaisikia. Rangi baada ya miaka mitatu ya kuishi ni uchakavu wa kawaida, isipokuwa watoto walichora ukuta mzima. Usafi wa dola 225, kama jiko liliachwa na mafuta na huna picha, uache. Kung'ang'ania kila mstari kunaharibu ile yenye nguvu. Maji na taka, linganisha na bili za miezi iliyotangulia. Kama zinafanana, lipa.

Mwisho ada ya kukusanya. Kampuni haina ruhusa ya kuongeza hata senti moja juu ya deni isipokuwa mkataba uliosaini unaruhusu waziwazi au sheria ya jimbo inaruhusu. Fungua mkataba, tafuta kifungu. Kikikosekana, dola 1,071.10 zinaanguka zote kwa mkupuo.

Sasa jumlisha upya: 1,250 na 625 na 100 na 1,062.50 na 180 na 225 na 118, toa dipoziti 500. Inabaki 3,060.50, chini ya nusu ya walichodai. Na hapo hatujaomba kupunguziwa chochote. Tumesoma bili tu.

Simu zina taratibu zake. Haziruhusiwi kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku kwa saa za mahali ulipo. Zikizidi 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja, kampuni inachukuliwa kuwa imekusumbua, na wakishaongea nawe wanatakiwa watulie siku 7. Unaweza kuwaambia wasipige kazini, au watumie barua pepe tu. Hawaruhusiwi kutishia jela. Deni la kodi si kosa la jinai, na kutishia kukupeleka kwa watu wa uhamiaji ni tishio lisilo na msingi ambalo lenyewe linavunja sheria. Wanaweza kumpigia mtu mwingine, kwa kawaida mara moja tu, na kwa ajili ya kuuliza unapatikana wapi. Hawaruhusiwi kutaja kwamba unadaiwa. Kwa hiyo wakimpigia mchungaji au shemeji na kumweleza habari za deni, andika siku, saa, jina la aliyepiga na maneno yaliyosemwa. Una mwaka 1 wa kushtaki, na mahakama inaweza kukupa hadi dola 1,000 pamoja na hasara uliyopata na gharama ya wakili. Mawakili wengine huchukua kesi hizi bila kukudai kitu kwa sababu hulipwa na upande ulioshindwa.

Neno moja kuhusu ukalimani wa watoto. Nyumba nyingi za wakimbizi, anayepokea simu ya Kiingereza ni mtoto wa darasa la saba. Anaulizwa "baba yako alikaa apatimenti fulani?" anajibu ndiyo. "Anaweza kulipa dola 50 leo?" anageuka kumuuliza baba. Usifanye hivyo. Simu ikatwe kwa sentensi moja ambayo hata asiyejua Kiingereza anaweza kuikariri: nitumieni kwa maandishi. Mtoto asitaje namba ya Social Security, tarehe ya kuzaliwa wala benki.

Tena si kila anayepiga ni kampuni ya kweli. Anayetaka ulipe kwa kadi za zawadi au kwa programu za kutuma pesa kama Zelle na Cash App ndani ya saa moja, anayekataa kutoa anwani, anayesema polisi wako njiani, huyo ni tapeli. Kampuni ya kweli haiogopi kuandika barua.

Mkataba wenye majina mawili au matatu una mtego wake. Mabwana watatu wanapanga pamoja, mmoja anahamia Iowa kwenye kazi ya nyama, wawili wanashindwa kodi. Karibu mikataba yote huandika kwamba kila mmoja anadaiwa deni zima, si theluthi yake. Kampuni itamfuata yule mwenye kazi nzuri, hata kama ndiye aliyelipa sehemu yake kila mwezi. "Mimi nililipa yangu" si utetezi kwa kampuni. Ni madai yako dhidi ya mwenzako, na unaweza kuyapeleka mahakama ya madai madogo. Anayehama aondolewe kwenye mkataba kwa karatasi yenye saini ya ofisi. Aliyekudhamini naye anafuatwa vilevile.

Rekodi ya mikopo ndiyo inayowauma wengi kuliko simu. Kampuni haitakiwi kukuripoti kimyakimya: lazima kwanza iongee nawe au ikutumie taarifa, na ikituma isubiri muda wa kutosha, ambao kanuni inautambua kuwa siku 14. Angalia ripoti zako za Equifax, Experian na TransUnion kwenye annualcreditreport.com, bure kila wiki. Kilichokosewa kipinge kwa maandishi. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Ingizo la kolekshen hukaa miaka 7, ikihesabiwa kuanzia siku 180 baada ya kuchelewa kwa mara ya kwanza, na kulipa leo hakuanzishi saa upya. Ukinyimwa nyumba kwa sababu ya ripoti, mwenye nyumba lazima akwambie ripoti ilitoka kampuni gani, na una siku 60 za kuomba nakala bure. Omba. Ripoti za wapangaji huchanganya majina, na sisi wenye majina yanayoandikwa kwa tahajia tatu kwenye hati tatu tunachanganywa kuliko wengine.

Ukishajua kiasi cha haki, patana. Pesa taslimu ya mara moja ina nguvu kuliko ahadi ya miezi 24. Anza chini ya unachoweza kutoa, na kwa deni lililouzwa anza chini zaidi, maana mnunuzi alilipia sehemu ndogo. Mambo matatu yawe kwenye barua yao kabla senti haijatoka: kiasi kinachofunga deni lote, kwamba baki haitadaiwa wala kuuzwa kwa mwingine, na watakavyoripoti. Waombe waliondoe kabisa kwenye rekodi. Hawalazimiki, lakini wengine hukubali, na ni afadhali kuliko "limelipwa", kwa sababu alama za mikopo za toleo la zamani, FICO 8, ambazo bado zinatumika sana, hazijali kama kolekshen imelipwa au la, wakati matoleo mapya, FICO 9 na 10, yanaipuuza iliyolipwa. Lipa kwa money order au hundi ya benki, usiwape ruhusa ya kuchota kwenye akaunti yako. Deni likisamehewa dola 600 au zaidi, unaweza kupata fomu 1099-C mwaka unaofuata, maana serikali inaweza kuuhesabu msamaha huo kama kipato. Mpelekee anayekuandalia hesabu za kodi ya mapato, usiitupe.

Kama deni ni la zamani sana, simama kabla ya kutoa hata dola 20 "kuonyesha nia njema". Kila jimbo lina ukomo wa kushtaki kwa mkataba wa maandishi: Texas na California miaka 4, Minnesota na New York miaka 6. Likishapita, kampuni hairuhusiwi kukushtaki wala kutishia kukushtaki, ingawa inaweza kuendelea kuomba. Katika majimbo mengi malipo kidogo huianzisha saa upya. Hizo dola 20 zinaweza kuwa ghali kuliko deni lenyewe.

Likija samansi, mazungumzo ya simu hayasimamishi chochote. Kuna siku za kuwasilisha majibu ya maandishi: mahakama ya justice ya Texas siku 14, Kentucky 20, Minnesota 21, Ohio 28. Usipojibu, hukumu inatoka bila wewe, kwa kiasi chochote walichoandika, pamoja na zulia na ada ya kukusanya. Minnesota kuna jambo lisilo la kawaida ambalo limewaponza wengi: kesi huanza siku unapokabidhiwa karatasi, hata kama bado haijapelekwa mahakamani. Mtu anapiga simu mahakamani, anaambiwa hakuna kesi kwa jina lake, anarudi kulala. Siku 21 zinakwenda vilevile. Majibu yanaweza kuwa mafupi: nakana kiasi, dipoziti haikuhesabiwa, mdai hakutafuta mpangaji mwingine, ada haiko kwenye mkataba. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, na kama ni Kiswahili cha Kongo sema hivyo, kwa sababu mkalimani kutoka Mombasa anaweza asijue kwamba bayeri ni mwenye nyumba. Msaada wa kisheria wa bure unapatikana kupitia lawhelp.org, wapigie siku unayopokea samansi, si siku ya kesi.

Hukumu ikishatoka, wanaweza kukata mshahara. Kikomo cha serikali kuu ni asilimia 25 ya mshahara baada ya makato ya lazima, au kile kinachozidi dola 217.50 kwa wiki, chochote kilicho kidogo. Anayebaki na dola 600 kwa wiki anakatwa 150; anayebaki na 250 anakatwa 32.50, aliye chini ya 217.50 hakatwi. Texas haikati mshahara kwa deni la namna hii, lakini pesa ikishaingia benki akaunti inaweza kuzuiwa. Malipo ya serikali ya SSI (msaada kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) na Social Security yanalindwa, na benki inatakiwa ilinde yenyewe kiasi cha miezi 2 kilichoingia moja kwa moja. Ukiyatoa na kuyaweka kwenye akaunti nyingine, ulinzi huo wa papo kwa papo unapotea na itabidi uende kuthibitisha mwenyewe. Na ukiitwa mahakamani kueleza mali zako baada ya hukumu, nenda. Hakuna jela ya deni, lakini kuna hati ya kukamatwa kwa aliyedharau wito.

Ukimaliza kulipa, omba barua inayosema deni limefungwa, kisha iweke pamoja na mkataba, leja na kadi ya kijani ya posta. Deni lililolipwa huuzwa tena kwa bahati mbaya, na mnunuzi mpya hupiga simu miaka mitatu baadaye kwa sauti ileile ya ukali. Atakayejibiwa na nakala ya barua hiyo kwa kawaida hapigi mara ya pili. Mpe nakala, asili ibaki nyumbani.